Mjane wa Koboko na Mahakama ya Kadhi

Swali la kama sheria ya dini itawale jamii huulizwa kwa maneno makubwa mno. Mimi naliuliza hivi: mzee Mwislamu wa Koboko akifariki bila wasia, mjane wake Mkristo aliyetoka Arua apate nini?

Ndoa hizo si ngeni West Nile. Ukoo mmoja husherehekea Idi na Krismasi. Kwa wanazuoni walio wengi, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu, ingawa mume angeweza kumuusia hadi theluthi ya mali. Kwa Sheria ya Mirathi ya Uganda, iliyorekebishwa mwaka 2022, mke hupata asilimia 20 na watoto asilimia 75. Tofauti hiyo ndiyo chakula chake.

Basi dini ikae kando kabisa? Tusiwe wepesi. Kwa mila ya Walugbara, ardhi ni ya ukoo na hupitia kwa wanaume. Qur'ani humpa binti nusu ya fungu la kaka yake. Nusu si sawa, lakini kwa aliyezaliwa katika boma lisilompa kitu, nusu ni shamba.

Katiba ya 1995, kifungu cha 7, inakataza dini ya taifa. Kifungu cha 129 kinataja mahakama za Kadhi za ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Bunge liliachiwa kuzitungia sheria, likakaa nayo miaka na miaka. Wako wanaoziogopa kwa sababu ya Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko na ambaye Uganda ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu chini yake mwaka 1974. Lakini Amin alitawala kwa bunduki, si kwa fikihi. Na mahakama isipokuwepo, mashehe huamua vivyo hivyo barazani, pasipo rufaa.

Katiba ya Kenya ya 2010 humruhusu Kadhi kuamua pale tu pande zote ni Waislamu na zimekubali. Ningeuchukua mpaka huo, na kuongeza: mrithi mmoja akikataa, mali yote iende kwa hakimu, maana nyumba ni moja.

Linalonisumbua ni hiyo ridhaa. Binti wa miaka 18 aliyeketi kati ya ami zake atasema ndiyo. Kwa hiyo aulizwe peke yake, mbele ya karani wa mahakama, ami zake wakingoja nje.