Hakuna Si Jina la Kitu

Katika kitabu cha pili cha Lewis Carroll kuhusu Alice, kilichotoka mwaka 1871, mfalme anamwambia msichana huyo atazame kama wajumbe wake wanaonekana barabarani. Alice anajibu kwamba haoni mtu, kwa Kiingereza "I see nobody". Mfalme anamwonea wivu: ana macho makali kweli, anaweza kumwona Nobody, tena kwa umbali ule! Utani huo hauvuki kuja kwetu. Ukisema "sioni mtu", mfalme hana pa kushika, kwa sababu kanusho limekaa kwenye kitenzi na mtu amebaki kuwa mtu. Kiingereza hukiacha kitenzi kidai kwamba kuna kuona, kisha hulipeleka kanusho mahali panapokaa jina la kinachoonwa. Nobody na nothing ni viwakilishi vilivyovaa nguo za majina bila kutaja chochote. Ningecheka na kupita, lau si kwamba mambo mazito ya dini na falsafa husemwa kwa maneno ya namna hiyo hiyo, na baadhi yake, naamini, yamesimamishwa na hizo nguo tu.

Watu wenye akili nyingi wamenasa hapo. Karibu mwaka 800, mtawa Fredegisus, mwanafunzi wa Alcuin katika jumba la Karolo Mkuu, aliandika barua akidai kwamba nihil ya Kilatini ni jina, kila jina hutaja kitu, basi nihil nayo hutaja kitu. Na tena kitu kitukufu, maana humo Mungu alitoa ardhi, malaika na roho. Mwaka 1929 Martin Heidegger, katika hotuba yake ya Freiburg, aliitungia nothing ya Kijerumani kitenzi chake chenyewe, kana kwamba ina kazi inayoifanya. Rudolf Carnap alimjibu miaka michache baadaye kwamba hapo hakuna siri ya kina, kuna neno la kukana lililochukuliwa kuwa jina.

Carnap alikwenda mbali mno alipotaka kuutupa mjadala wote, lakini anatupa kipimo kizuri: lichukue dai, lirudishe kanusho kwenye kitenzi, kisha tazama kama dai bado lina la kusema. Fundisho la kuumba pasipo kitu mara nyingi hudhihakiwa, ati Mungu aliichukua hiyo nothing akaifinyanga. Anselm wa Canterbury alikwisha kulijibu hilo katika Monologion, mnamo mwaka 1076. Kuumbwa kutokana na nihil, alisema, ni kutoumbwa kutokana na kitu chochote, kama vile mtu anayehuzunika bure ni mtu asiye na sababu ya kuhuzunika. Mungu aliumba, wala hapakuwa na malighafi. Unaweza kulikataa dai hilo, lakini linaeleweka. Sasa mchukue mwanafizikia Lawrence Krauss, aliyeandika kitabu mwaka 2012 kueleza jinsi ulimwengu ulivyoweza kutokea pasipo kitu. Mwanafalsafa David Albert alimjibu katika New York Times kwamba ombwe la wanafizikia ni hali mojawapo ya nyuga za kwanta, na nyuga hizo ni kitu. Lirudishe kanusho kwenye kitenzi uone: ulimwengu ulitokea, na hapakuwa na kitu, ila nyuga na kanuni zake. Hiyo "ila" imelimeza dai zima.

Mtu anaweza kunipinga kwa Kiarabu. Lugha hiyo nayo haina kiwakilishi cha namna ya nothing, na bado wengi wa Mu'tazila wa Basra, wanatheolojia wa Kiislamu, walishikilia kwamba kisichokuwepo, al-ma'dum, ni kitu hata kabla hakijaumbwa. Walitaja aya ya 40 ya Surat an-Nahl, ambamo Mwenyezi Mungu hukiambia kitu kiwe, nacho huwa: kingeambiwaje, kama si kitu? Waashari, wanatheolojia wapinzani wao, wakawajibu kwa aya ya 9 ya Surat Maryam, Zakaria anapokumbushwa kwamba aliumbwa hali hakuwa kitu. Basi kosa si la sarufi ya Kiingereza peke yake? Nakubali. Lugha yoyote inayoweza kutunga jina kutokana na kukosekana (na sisi tuna utupu, ukosefu, sifuri) inaweza kumtega mwenye kuitumia. Kiingereza kimeuweka tu mtego huo katika mazungumzo ya kila siku. Ila siwaweki Mu'tazila kapu moja na Fredegisus. Walichokuwa wakikitafuta kinapita kwenye kipimo bila shida: je, Mungu hukijua kitu ambacho bado hakijawepo, na anakijua kama nini?

Pingamizi jingine ni kwamba kukosekana hutenda kazi. Mvua isiponyesha, mahindi hufa. Lakini hapo tunataja maji, msimu na shamba, vitu vinavyojulikana. Hakuna nothing iliyoingia shambani.

Linabaki swali la Leibniz la mwaka 1714: kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwepo kitu? Aliongeza kwamba kutokuwepo kitu ni rahisi zaidi. Swali lenyewe linapita. Kisichopita ni ile picha ya utupu mrefu uliotangulia, ukingoja kujazwa, kwa maana utupu unaongoja tayari ni kitu, na nao ungetudai maelezo. Tukiiondoa picha hiyo, tunabaki na vitu vilivyopo, ambavyo vingeweza kutokuwepo. Leibniz alijibu kwa Mungu, kwa sababu alishika kwamba kila kilichopo kina sababu ya kutosha. Asiyelitaka jibu lake sharti aishambulie kanuni hiyo, au akane kwamba vitu vingeweza kutokuwepo, na hayo yote mawili yana gharama kubwa kuliko wanayodhani wanaoukimbilia utupu.