Spea Hii ni ya Nani?



Kijana mwenzangu, leo naomba tuangalie swali ambalo wengi wetu tunalikwepa karibu kila wiki, na wengine tunalikwepa tukiwa ndiyo kwanza tumetoka Misa. Mtu akikuuzia kitu kwa bei nzuri, je, una wajibu wa kujua kimetoka wapi? Jibu la mtaani tunalijua: "Mimi nimenunua, sijaiba." Linasikika kama jibu la mtu safi. Mimi naona halitoshi, na aliyenifundisha hivyo ni pikipiki.

Pikipiki yenyewe ni Honda XL250S ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Nimeachiwa na baba yangu mdogo, aliyekuwa bwana mifugo upande wa Sengerema. Wazee wetu wanazikumbuka sana pikipiki za Kijapani za umri ule, maana walizipanda mapadre, makatekista na mabwana shamba. Ila hii ni ya pekee hata kati ya hizo. Gurudumu lake la mbele ni la inchi 23, wakati pikipiki nyingi za njia mbovu zina inchi 21. Honda wenyewe waliachana na hilo la 23 baada ya miaka michache, wakarudi kwenye 21. Kwa hiyo tairi lake ukiliulizia dukani wanakushangaa. Umeme wake ni wa volti 6, na betri na taa zilizojaa madukani leo ni za volti 12. Injini ni imara, ukiitunza inakupeleka Geita na kukurudisha. Kinachosumbua ni spea.

Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza nje, Japani au Ulaya, ambako wapo watu wanaozihifadhi pikipiki hizi. Lakini usafiri na ushuru vinaweza kuizidi bei ya spea yenyewe. Ya pili ni kutengenezesha: fundi wa kukereza vyuma atakuchongea bushi, na fundi wa spoku anaweza kukufungia rimu ya 21 kwenye habu ileile. Ya tatu ni mtumba: unatafuta pikipiki ya aina yako iliyokufa, unanunua kiungo kimoja kimoja. Nimetafuta Mwanza mjini, nimevuka Kigongo kwenda Busisi tangu enzi za kivuko kabla daraja halijafunguliwa, nimeagiza watu Musoma na Bukoba. Ukitafuta hivyo kwa miaka, mwisho unazijua zote. Ukanda wetu huu mimi nazijua nyingine mbili tu, na wenyewe nawafahamu.

Sasa sikiliza kilichotokea. Muuza spea mmoja alinipigia simu: "Kaka, kabureta yako imepatikana. Orijino kabisa. Wahi." Nikawahi. Nilipoishika mkononi nikaona skrubu moja ya chini imebadilishwa, imewekwa boliti yenye kichwa kikubwa, na pembeni kuna alama ya gundi ya chuma. Kabureta ile nilikuwa nimeshaiona. Niliwahi kukaa nayo nusu saa nyumbani kwa mzee mmoja upande wa Magu, tukilinganisha ya kwake na ya kwangu. Bei niliyotajiwa ilikuwa chini ya robo ya ile ya kuagiza nje. Nikamwuliza muuzaji ameipata wapi. Akacheka. "Kaka, wewe unataka kabureta au unataka historia?"

Nikatoka nje, nikampigia mzee.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko?"

Nikamwuliza kama ameifungua pikipiki yake siku za karibuni. Akasema hapana, iko stoo, imefunikwa turubai, ngoja akaangalie. Aliporudi kwenye simu hakuniuliza kabureta iko wapi. Alisema tu, "Mjukuu wangu alikuwa hapa wiki iliyopita." Kisha akanyamaza muda mrefu, akaongeza, "Mwanangu, usiende polisi."

Familia ilimrudishia muuzaji hela aliyokuwa ametoa, kabureta ikarudi Magu. Muuzaji hajanipigia tena hadi leo, na spea zake nyingine sizipati. Yangu nimeifunga kabureta ya Kichina. Inakunywa mafuta, na asubuhi zenye baridi naipiga kiki mpaka jasho linanitoka.

Nasimulia haya kwa sababu moja. Kabureta ile ilikuwa na uso. Niliitazama nikamwona mzee, na baraza lake, na turubai lake. Ingekuwa ya Boxer au TVS, nisingekuwa na mtu wa kumpigia. Vioo vya bodaboda vinafanana kwa maelfu, taa zinafanana, betri zinafanana. Tuseme kioo kimeng'olewa usiku Igoma, asubuhi kiko mezani kinauzwa, mchana kimeshafungwa kwenye pikipiki ya Buhongwa. Kufanana kwao ndiko kunamficha mwenyewe, lakini mwenyewe yupo. Pengine ni kijana wa mkataba ambaye jioni lazima apeleke hesabu kwa bosi wake, kioo kiwepo kisiwepo. Na pengine kesho naye atakwenda kununua kioo cha bei chee bila kuuliza, na hela yake itamfikia yuleyule aliyemwibia.

Mafundisho ya Kanisa yanatubana hapa. Katekisimu, namba 2412, inasema wajibu wa kurudisha haumhusu mwizi peke yake. Unamhusu kila aliyeishika mali ya mwingine, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Hiyo njia ya kuzunguka ndipo tulipo sisi wanunuzi. Na namba 1791 inazungumzia mtu asiyejali kuutafuta ukweli: kutojua kwake hakumwondolei lawama, kwa sababu amechagua kutojua. Sheria ya nchi nayo inamhesabu kuwa na kosa yule anayepokea kitu huku akijua ni cha wizi. Kwa hiyo ile "sijaiba" yetu inajibu swali ambalo hatukuulizwa. Swali ni kama tulitaka kujua.

Mtazame Zakayo katika Luka sura ya 19. Angeweza kusema, "Watoza ushuru wote tunafanya hivi, ndio utaratibu wa kazi." Yeye alisimama mbele ya Bwana akaahidi kwamba aliowadhulumu atawarudishia mara nne. Ili urudishe mara nne, lazima kwanza ukubali kujua ni nani uliyemdhulumu, na kiasi gani.

Najua utasema, "Ndugu, spea mpya siiwezi." Ni kweli, na mimi pia siiwezi. Kununua mtumba si dhambi, na wauza mtumba wengi ni watu waaminifu kabisa: wananunua pikipiki iliyogongwa, au ya mnada, wanaifungua na kuuza vipande. Ukiingia kwenye kila kibanda kwa jicho la kumshuku mtu, unamchafulia jina lake jema, na hapo umeivunja amri ya nane ukidhani unailinda ya saba.

Kitabu cha Tobiti, sura ya pili, kinatusaidia. Tobiti alikuwa amepofuka, na nyumba ililishwa na kazi ya mikono ya mkewe Ana. Siku moja waajiri wakampa Ana ujira wake na kumwongezea mwanambuzi. Tobiti akasikia mbuzi analia ndani, akasema huyo ni wa wizi, arudishwe kwa wenyewe. Ana akamweleza kwamba ni zawadi. Tobiti hakukubali, akaendelea kumshutumu, mpaka Ana akamjibu kwa uchungu kuhusu huo wema wake anaojidai nao. Wengine wakisoma hapo wanamcheka yule mzee. Mimi kwanza namheshimu: maskini, kipofu, nyama imeingia nyumbani, na bado anauliza ni ya nani. Kuuliza kulikuwa sawa kabisa. Kasoro ilikuja pale alipokataa kusikia jibu.

Basi uliza kwa heshima, tena uliza kabla ya kupatana bei, maana ukishaipenda bei masikio yanaziba. Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Atakwambia, "Nilinunua pikipiki iliyopata ajali, kadi yake hii hapa," au atakupa jina na namba ya aliyemuuzia. Ukiridhika, lipa na umshukuru. Bei ikiwa ya kutupwa na jibu likawa kicheko, rudi nyumbani na hela yako. Na kama tayari unacho kitu ambacho dhamiri inakwambia si chako, nenda kitubio, muulize padre namna ya kurudisha. Kanisa limefundisha tangu zamani kwamba mwenye mali asipopatikana baada ya kutafutwa, thamani ya kitu iende kwa maskini.

Liko jambo jingine linalonikaa moyoni zaidi ya kabureta. Yule mjukuu alikuwa na miaka 17. Kijana wa umri huo haanzi na benki. Anaanza na kitu kilichofunikwa stoo, anaangalia kama kuna wa kukinunua. Kila mnunuzi asiyeuliza anamwambia, "Endelea, soko lipo." Tunawalaumu vibaka, tunawapigia kelele, wakati mwingine wanachomwa moto mbele ya macho yetu. Mungu atusamehe. Lakini hela ya kwanza aliyoipata yule kibaka ilitoka mfukoni mwa nani?

Wiki hii, kabla ya kulala, jiulize: simu yangu, kioo changu, betri yangu, nilivipata wapi? Nilipovinunua, niliogopa kuuliza nini?

Tusali. Bwana Yesu, uliyeishi kwa kazi ya mikono yako kule Nazareti, utupe macho ya kumwona mwenye kitu hata pale kitu kisipokuwa na jina lake. Uwajalie wauzaji waaminifu wateja waaminifu. Uwarudishe vijana walioanza njia ya wizi kabla haijawa ndefu, na utupe sisi moyo wa kutowalipia safari hiyo. Amina.