Maji Yakimwagika

Wazee walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hii ina ndani yake kanuni kubwa ya fizikia. Mwaka 1865 Rudolf Clausius, mtaalamu wa Ujerumani, alikiita entropi kipimo ambacho, katika vitu visivyopokea wala kutoa kitu nje, hakipungui. Mwaka 1877 Ludwig Boltzmann wa Austria alieleza sababu: njia za vitu kutawanyika ni nyingi kupita kiasi, bali njia za kukaa kwa mpango ni chache. Ndiyo maana maziwa yaliyotiwa katika chai sokoni Kiboriloni hayajitengi tena. Kwa alama hiyo twatambua jana na kesho.

Hata hivyo, watu husema wakati ni dawa. Ndugu wawili hugombea mpaka wa kihamba, wakaacha kusemezana, kila mmoja akingoja miaka imalize ugomvi. Je, wakati peke yake hutengeneza kitu? Tuitazame mifongo ya Wachaga, ile mifereji iletayo maji ya mito ya Kilimanjaro mpaka migombani. Mfongo usiposafishwa hujaa matope, kingo zikabomoka, maji yakapotea. Haujizibui kwa kupitiwa na miaka. Hudumu kwa kuwa watu hutoka pamoja na majembe yao.

Wala kanuni hiyo haikatazi mpango kuwapo. Mgomba hujijenga kwa maji, hewa na udongo, kwa sababu hupokea nguvu ya jua. Kinachotengenezwa hapa hulipiwa kwa nguvu itokayo pengine.

Ni kweli, dhambi si maji, wala kanuni ya maada haimlazimishi mtu mwenye hiari. Walakini mfano huu wafundisha. Kitubio hakiifuti jana isiwe imetokea; humpa mtu uwezo wa kuijenga kesho. Zakayo hakungoja miaka isahaulishe udhalimu wake, bali aliahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Neema, kama jua, yatoka nje yetu. Jembe ni letu.

Basi, msomaji mpenzi, kama yuko ndugu usiyesemezana naye, usiuachie wakati kazi hiyo. Wakati ukiachwa peke yake huzidisha matope. Yakupasa uende kwake wewe, ukaseme neno la kwanza, na kilicho chake ukamrudishie.