Hesabu Kabla ya Saruji
Fundi hodari, aitwapo kupamba bafu kwa vigae, hatangulizi saruji bali hesabu. Kwani ukuta wa sentimita 190, ukianziwa pembeni kwa vigae vya sentimita 30, humeza sita vizima na kubakiza ukanda wa sentimita 10, ambao, kwa rai yangu, huifedhehesha kazi nzima. Basi hutafuta katikati, akashusha timazi, akakiweka kigae kimoja juu ya mstari huo na viwiliviwili ubavuni mwake, hata kila upande ukapata kipande cha takriban sentimita 20. Wala safu ya kwanza haifuati sakafu, ambayo aghalabu imeinamishwa makusudi kuelekea tundu la maji. Hupigiliwa ubao uliosawazishwa kwa pima maji, na safu ya chini hukatwa baadaye, tajiri mwenye haraka akinung'unika mlangoni.