Wasiwasi wa Dhamiri

Yuko mtu atokaye kitubioni, naye kabla hajafika mlangoni mwa kanisa hurudi, akidhani amesahau dhambi. Mwingine hunawa mikono hata ngozi ikapasuka, naye bado huiona michafu.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliujua mzigo huo. Mwaka 1522, huko Manresa katika nchi ya Hispania, alikuwa amekwisha kuungama dhambi za maisha yake yote, tena kwa kuziandika. Lakini aliungama tena na tena asipate amani, hata akajaribiwa kujitupa shimoni. Akafunga chakula juma zima, wala hakupona. Alipona alipokata shauri asiyaungame tena yale ya zamani.

Angalieni basi: wasiwasi ni moto, na kila kurudia ni kuni. Waganga wa leo hufundisha vivyo hivyo. Mgonjwa huzoezwa polepole kusimama mbele ya lile aliogopalo pasipo kunawa wala kurudia, mpaka hofu ipungue yenyewe. Na wengine hupewa dawa. Huo ni ugonjwa. Si dhambi, wala si ukosefu wa imani.

Basi mwenye mzigo huo achague padri mmoja, amtii amwambiapo, «Yatosha, usirudie.» Aende pia kwa daktari bila haya. Na ndugu zake wasimcheke, wala wasimjibu mara mia swali lile lile. Mungu aliyekwisha kusamehe hangoji kuombwa upya kila saa.