Kompyuta ya Marehemu na Swali la Kuitengeneza

Uamuzi wa kutengeneza kompyuta mpakato iliyochakaa, hasa ile iliyoachwa na mzazi aliyefariki, huonekana kuwa jambo la fundi na fedha tu, lakini ndani yake mna swali la kifalsafa: je, kitu hicho kinapendwa kwa ajili ya umbo lake, kwa ajili ya kilichohifadhiwa ndani yake, au kwa ajili ya kazi iliyofanywa nacho? Asiyelijibu swali hilo kwanza anaweza kugharimia kitu ambacho sicho alichotaka kukiokoa.

Falsafa ya utambulisho, yaani elimu inayochunguza ni nini hukifanya kitu kibaki kuwa kilekile ingawa kinabadilika, imelikabili suala hili tangu kale. Plutarch, mwandishi wa Kiyunani, alieleza kwamba Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakahitilafiana kama merikebu hiyo ni ileile; na mwaka 1655 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes akauliza ingekuwaje iwapo mbao kuukuu nazo zingekusanywa na kuundiwa merikebu ya pili. Katika kompyuta mgawanyiko huo ni dhahiri, kwa kuwa fundi aweza kubadilisha betri, skrini na kibodi bila kuigusa diski inayotunza barua na picha za marehemu, ilhali kibodi ambayo herufi zake zilifutika kwa vidole vyake ndiyo itakayotupwa. Kwa hiyo matengenezo yanayokirudishia kifaa uhai yanaweza kukiondolea athari ya mwenyewe, na kwa upande mwingine, yaliyomo katika diski nzima huweza kunakiliwa hata kama kompyuta haitawaka tena.

Maadili ya Kiislamu yanaongeza vigezo viwili. Cha kwanza ni katazo la israfu, yaani kutumia mali kupita kiasi, ambalo linagusa pande zote mbili: kutupa kinachotengenezeka ni upotevu, na Hadithi zinasimulia kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe, lakini kumimina fedha katika kifaa kisichofaa tena, huku madeni hayajalipwa, nako ni upotevu. Cha pili ni haki ya warithi, kwani kifaa hicho ni sehemu ya tirka, yaani mali iliyoachwa na marehemu, ambayo hugawanywa baada ya kulipwa madeni na kutekelezwa wasia usiozidi theluthi moja, na hivyo mrithi mmoja hana mamlaka ya kuamua peke yake. Siri zilizomo ndani nazo ni amana isiyopasa kufichuliwa.

Wahenga waliosema usiache mbachao kwa msala upitao walitetea kikuukuu kinachotumika bado, na hapo ndipo penye mwongozo. Yaliyomo katika diski yaokolewe kwanza, kwa sababu yakipotea hayanunuliki. Kisha kifaa kitengenezwe ikiwa kuna atakayekitumia kwa kazi halisi. Pasipokuwa na mtumiaji, kinaweza kutunzwa kama ukumbusho baada ya kuondolewa betri, ambayo ikizeeka huweza kuvimba na kushika moto. Kumbukumbu ya mzazi inastahili gharama, lakini heshima iliyo kubwa zaidi ni kutimiza haki alizoziacha juu ya walio hai.