Nyumba ya Jirani Kwenye Ramani

Neno la kutafakari: Kumbukumbu la Torati 22:8

Sheria ya Musa inamtaka anayejenga nyumba mpya azungushie dari lake ukuta, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Madari ya nchi ile yalikuwa paa bapa za kukanyagika. Rahabu wa Yeriko, kwa mfano, alianika kitani juu ya dari lake. Angalieni, wapendwa, jinsi agizo hili linavyomwahi mjenzi. Hakuna aliyeanguka bado. Pengine hata mgeni wa kwanza hajabisha hodi. Mungu anamdai mwenye nyumba amfikirie mtu ambaye hajamwona.

Wiki hii nalipeleka neno hili kwa vijana wetu wa Mbeya na Iringa wanaopenda kupanda milima, hasa wanaovutiwa na mchezo wa jiokeshingi, wa kuficha vikasha na kuvitafuta kwa GPS. Ulianza Mei 2000, Serikali ya Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Vifaa vilivyokuwa vikikosea hata mita 100 vikaanza kumfikisha mtu karibu kabisa na mahali anapokwenda. Mara moja Dave Ulmer akaficha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimboni Oregon, ndani yake daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, akatangaza latitudo na longitudo yake. Atakayeifikia aandike jina, achukue kitu na kuacha kingine. Leo vikasha vya namna hiyo vimefichwa duniani kote.

Mfichaji makini huanza kazi nyumbani, kabla hajafunga viatu. Anafungua ramani kwenye simu na kusoma mistari ya kontua. Inapobanana, hapo pana mteremko mkali, na ndivyo ilivyo kwenye kingo za Ziwa Ngozi katika safu ya Poroto, ambako ukuta wa kreta unateremka ghafla hadi majini. Anayetafuta kikasha hutembea macho yakiwa kwenye simu. Chini ya miti minene simu nayo hukosea mita kadhaa, na baadhi ya sehemu za wilaya ya Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo njia huteleza. Kijana anayeyapima haya akaondoa alama yake kwenye ukingo na kuiweka penye tambarare amekwisha kujenga ukuta juu ya dari. Namshukuru Mungu kwa kijana wa namna hiyo.

Lakini yupo mtu mwingine ambaye nataka mfichaji amfikirie, naye hachezi mchezo huu wala hajausikia.

Tazama picha ya setilaiti ya vijiji vya Rungwe. Katikati ya migomba na mashamba ya chai utaona kiraka cha miti mirefu, cheusi kwa kivuli, kimesimama peke yake. Anayetafuta maficho ataona amepata. Yeye haoni kwamba shoka halikugusa miti ile kwa sababu wazee waliikataza. Kwa Wanyakyusa vichaka vingi vya jinsi hiyo ni mahali pa makaburi ya machifu na matambiko, na cha Lubaga kinajulikana kuliko vyote. Iringa nako, mwamba wa Gangilonga unaotazama mji una mianya mizuri ya kuficha kitu, lakini simulizi za Wahehe zinauhusisha na chifu wao, Mtwa Mkwawa. Unaweza kuwa Mkristo usiyetambika na bado ukaheshimu kaburi la babu wa jirani yako.

Sasa fikiria mwanakijiji anayekwenda kuokota kuni anakuta chini ya mti kikopo kilichofungwa vizuri. Anakifungua: karatasi yenye majina ya watu asiowajua, shanga, sarafu, kikaragosi cha plastiki. Sisi tunaoishi nyanda hizi tunajua atakachosema kwanza: uchawi. Tunajua pia kwamba atatafutwa mwenye kikopo, na macho yatageukia nyumba iliyo karibu, na mara nyingi ndani ya nyumba hiyo anaishi bibi kizee, mjane, macho mekundu kwa moshi wa miaka. Nchi hii imezika akina mama wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Mimi ni mchungaji, na siwezi kuliita jambo hilo hofu ya kupita kiasi. Mfichaji yuko mjini anasubiri ujumbe wa mtafutaji wa kwanza, na bibi yule hana ukuta wowote.

Kwa hiyo ninaposema panga kwa ramani, nasema pia: zihesabu paa za bati zilizo jirani na alama yako. Kisha nenda bila kikasha. Mwone mwenyekiti wa kitongoji, mwone mwenye shamba. Ndani ya hifadhi ya Mlima Rungwe omba ruhusa kwa Wakala wa Huduma za Misitu. Katika hifadhi ya Kitulo, iombe kwa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Kanuni za mchezo wenyewe zinadai idhini, na zinakataza kuchimba shimo. Wenyeji wanajua mengi ambayo picha haioni. Kima aitwaye kipunji alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005, lakini watafiti walifika kwake kwa kufuata masimulizi ya wawindaji wa Rungwe.

Kitulo panahitaji uangalifu wa pekee. Ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na watu huiita Bustani ya Mungu kwa maua yake. Viazi vya okidi zake vimechimbwa kwa wingi vikauzwe Zambia, ambako hupikwa chikanda. Latitudo na longitudo ya mahali penye okidi nyingi inamwongoza mchimbaji sawasawa na mpenda maua. Mahali kama hapo pasitangazwe.

Tena kuna namna ya mchezo isiyo na kikasha: mgeni anafika, anasoma sura ya nchi, anajibu maswali. Ningependa kuiona Isimila, karibu na Iringa, kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na mmomonyoko, ambako zana za mawe za watu wa kale zimelala ardhini na haifai mtu achokonoe. Ingefaa pia kwenye Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba juu ya Mto Kiwira.

Penye ruhusa ya kikasha, chagua kinachopitisha mwanga, uandike juu yake kwa Kiswahili kuwa ni mchezo, kisha namba yako ya simu. Mwonyeshe mwenyekiti kilichomo, na watu wa nyumba jirani waone kwa macho yao, yule bibi akiwa wa kwanza. Baada ya masika utapaswa kurudi kukikagua. Pima umbali huo mapema, na nauli yake, ramani ikiwa bado mbele yako.